Kitabu cha Nne cha Kupikia Bia

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba amerudi leo na vitabu vitatu asivyoweza kuvisoma.

Alivibeba ndani ya mfuko mtupu wa saruji kwa sababu ya manyunyu, akavipanga mezani kwake kimoja kimoja kama mtu anayeonyesha vitambaa vya bei. Vyote ni vya Kiingereza. Vyote vinafundisha jambo moja: kupika bia nyumbani.

"Profesa kasema hivi ndivyo wanavyovipendekeza wanaojua," akaniambia. Profesa ni muuza vitabu vya mitumba anayetandaza turubai kwenye baraza la sinema iliyofungwa. Hajafundisha popote. "Nikamwuliza, wanaojua ni nani? Akasema ni wale waliomwuzia yeye."

Niandike vizuri, maana daftari hili nimelianza ili nijifunze kusema mambo, hata kama ni kwa kalamu. Mjomba ni kaka mkubwa wa Mama. Amefanya kazi kiwanda cha bia miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukagua chupa tupu. Alikaa mbele ya kioo cheupe chenye taa nyuma yake, chupa zilizooshwa zikipita kwenye mkanda, yeye akizitazama. Yenye ufa anatoa. Yenye uchafu anatoa. Iliyomeguka mdomo anatoa. Mwaka jana wakaleta mashine yenye kamera, Mjomba wakampa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Sasa anakaa chumba chetu cha uani, na ile saa ameigeuzia uso ukutani kwa sababu, anasema, inamtazama.

"Miaka yote hiyo sikuwahi kuingia chumba wanachopikia bia," akasema. "Palikuwa na mlango wa chuma na mtu wa kukuuliza unakwenda wapi. Nimeona chupa zikiingia tupu, nimeziona zikitoka zimejaa. Hapo katikati sipajui."

Sikusema kitu. Huwa sisemi kitu. Ndiyo maana ananiita Redio.

"Kiingereza unacho wewe. Redio, utanisomea?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Redio imekubali," akawaambia vitabu, "ila haina betri."

Jumapili, 9 Machi

Mama ametoa masharti. Alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, anashona sare za shule za watoto wa watu. "Kaka, mwanangu atasoma tu. Haonji, hanusi."

"Kunusa atanusa, dada. Pua haina mfuniko."

"Basi anuse kwa mbali."

Tumeanza na kitabu chembamba cha kijani. Nasoma sentensi kimyakimya kwa Kiingereza, kisha naisema kwa Kiswahili kwa sauti. Mwanzo sauti yangu ilikuwa inatoka kama maji ya bomba siku ya mgawo, tone, kimya, tone. Mjomba hakuniharakisha. Aliyeandika kitabu hiki ni mcheshi. Kila baada ya ukurasa mmoja anakwambia usiwe na wasiwasi. Ukipunguza, usiwe na wasiwasi. Ukizidisha, usiwe na wasiwasi.

"Huyu hajawahi kuwa na bosi," Mjomba akasema.

Nilisoma kurasa kumi na nne. Sijawahi kuzungumza na mtu yeyote muda mrefu hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Darasani mwalimu wa Kiingereza aliniita nisome, nikasimama, nikakaa. Basi.

Jumamosi, 15 Machi

Sasa navijua vitabu vyote vitatu kama watu.

Cha kijani ni yule rafiki anayekushika bega. Mtu asiyejua lolote aanze nacho.

Cha picha ni kikubwa, karatasi zinang'aa, bia ndani ya glasi kila ukurasa, na kurasa za mwisho zimechanwa. Kina vipimo vya bia za aina zaidi ya hamsini lakini hakisemi kwa nini. Mjomba anakiita bwana harusi, yaani ni cha kutazamwa tu.

Cha kijivu ni kinene, maandishi madogo, michoro ya vitu visivyoonekana kwa macho. Hakina utani hata mstari mmoja. Kila kitu kimo. Nakiogopa.

Nimetafuta na video kwenye simu ya Mama. Kuna mtu mwenye ndevu anaeleza vizuri, ila anaongea kama anafukuzwa. Nyingine haina sauti, mikono tu, na hiyo Mjomba aliitazama mara tano. "Huyu anajua," akasema. "Tazama anavyoosha ndoo."

Kimsingi ni hivi. Kimea ni nafaka iliyooteshwa ikakaushwa. Unakiloweka kwenye maji ya moto, lakini yasiyochemka, saa moja, kinatoa sukari. Unachuja. Ule mchuzi mtamu unauchemsha na hopsi, ambayo ni maua machungu. Unaupoza haraka, unatia hamira ya bia, unafunika. Hamira inakula sukari, inatoa kileo na gesi. Ikishamaliza kula, unatia kwenye chupa na sukari kidogo ili ipate povu, unafunga, unasubiri.

Nilipofika kwenye chupa, Mjomba akakaa wima. Hapo hahitaji kitabu. Akaniambia sheria ya kiwandani, aliyofundishwa siku ya kwanza na mkaguzi aliyemtangulia: ukitilia shaka chupa, itoe. Usisubiri kuwa na hakika. Chupa inapita kwa kufumba na kufumbua, na kule mbele kuna mkono wa mtu.

"Na kama ilikuwa nzima?" nikauliza. Niliuliza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Basi imetoka nzima. Hakuna mtu aliyewahi kufokewa kwa kutoa chupa nzima. Waliofokewa ni walioiacha ipite."

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mwenzake wa zamani wa kiwandani, ambaye sasa ana duka la vifaa vya waoka mikate, amemwagizia kimea, hopsi na hamira. Vimefika vikavu.

Ijumaa, 21 Machi

Mama, aliyesema hataki kujua lolote, ameshona mfuko wa kuchujia kwa kitambaa cha pazia jepesi. Mshono mara mbili. Aliutupa kitandani kwa Mjomba bila kusema kitu. Sasa najua ukimya wangu nimeutoa wapi.

Jumamosi, 22 Machi

Tumepika.

Nimechoka, vidole vinanuka mkate. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kizingiti na kusoma. Mjomba alikuwa na sufuria ile kubwa ya kuazima, jiko la gesi, kipimajoto cha Mama cha kupimia maji ya kutia rangi vitambaa, na penseli sikioni. Nikisema "koroga taratibu", anakoroga taratibu. Nikisema "funika", anafunika, anavika sufuria blanketi lake mwenyewe, kisha anakaa pembeni yake kama anamwuguza mtu.

Saa ya kwanza ilipoisha akachovya kijiko kwenye ule mchuzi, akaonja. Akachovya tena.

"Ni mtamu," akasema. "Redio, ni mtamu kama uji wa mtoto. Ndiyo hii ilikuwa nyuma ya ule mlango."

Aligeuka upande wa ukuta kidogo. Nikajifanya natafuta ukurasa.

Mama alipita na ndoo ya nguo, akasimama, akanusa. "Mbona nzuri," akasema, kama mtu aliyekanyagwa.

Tuliipoza kwenye beseni la maji, tukaimimina kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, tukatia hamira. Mfuniko una tundu, tunduni kuna mpira mwembamba, na mpira unaishia ndani ya chupa ya maji ili gesi itoke na wadudu wasiingie. Kitabu cha kijani kinasema nenda kalale, usiwe na wasiwasi.

Jumapili, 23 Machi

Mapovu. Asubuhi moja baada ya jingine, mchana kama mtu anayecheka chini kwa chini. Mjomba amehamishia kiti chake mbele ya ndoo.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu jana haijakata. Baridi hadi nimevaa soksi kitandani. Mapovu yamepungua.

Ijumaa, 28 Machi

Mapovu yamekoma. "Imemaliza kula," Mjomba kasema. Nje bado inanyesha.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimedanganya. Naandika hapa kwa sababu kwingine kote nimeshindwa.

Mjomba alitaka tuhakikishe kabla ya kutia kwenye chupa. "Tumwulize yule mkali," akasema, yaani kitabu cha kijivu. Ukurasa wa 112. Kichwa chake nilikielewa: jinsi ya kujua kama bia imemaliza. Chini yake kulikuwa na maneno ambayo sijawahi kuyaona, namba zenye desimali tatu, na mchoro wa kitu cha kioo kinachoelea. Nilisoma sentensi ya kwanza mara tatu. Ilikuwa kama kusukuma mlango uliofungwa kwa ndani.

Mjomba alikuwa kwenye kigoda, ananitazama jinsi watu wanavyomtazama daktari aliyeshika picha ya mfupa wao. Dakika chache kabla alikuwa amemwambia Mama dirishani: "Mtoto huyu hakuna neno linalomshinda. Miezi sita tu ya mtu kama yeye kule kiwandani, ningekuwa meneja."

Nilitakiwa kusema, sijui. Ni neno moja. Halina hata Kiingereza ndani yake.

Nikasema: "Hapa wanarudia yale yale ya juzi."

Nikafungua ukurasa unaofuata.

"Sawa," Mjomba akasema. "Kesho tunajaza."

Jumapili, 30 Machi

Chupa thelathini na sita. Alizikusanya mtaani mwezi mzima, akaziosha mara tatu. Akatundika shuka jeupe, akaweka balbu nyuma yake, akazipitisha mbele ya shuka moja moja, akizizungusha kwa vidole viwili. Sikujua mkono wa mtu unaweza kuwa mwepesi hivyo. Aligonga kila moja kwa ukucha, akasikiliza. Alitoa tisa. Mimi nilizitazama zile tisa, nikaona chupa tu.

"Hii ina nini?" nikauliza.

"Sijui. Imenitia shaka."

Zikabaki ishirini na saba. "Moja kwa kila mwaka," akasema, akacheka. Tulipomaliza kuzifunga vizibo alizipanga chini ya rafu, akakaa kuzitazama. Kisha akaenda ukutani akaigeuza ile saa.

Nilikuwa na furaha kabisa, ila mahali fulani chini ya mbavu kulikuwa na ukurasa wa 112.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Leo alikuja Mama Juisi, yule mwanamke mwenye karakana ndogo nyuma ya kituo cha mafuta; anatengeneza juisi ya matunda na kuijaza kwenye chupa za kioo za madukani. Alikuja kwa Mama kuchukua aproni za wafanyakazi wake, akaziona zile tisa zilizotolewa zimepangwa ukutani.

"Hizi mbona mmezitenga?"

Mjomba akaeleza. Mama Juisi akainua moja kwenye mwanga, akaizungusha weee, hakuona kitu. Mjomba akamshika mkono taratibu, akamwinamishia chupa. Kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, shingoni.

Mama Juisi aliiweka chini kama imemwuma. "Mzee, mimi mwezi jana mteja wangu amekatwa mdomo. Chupa zangu zinaangaliwa na vijana wanaoangalia simu. Unafanya kazi wapi?"

"Sifanyi."

"Kuanzia tarehe ishirini na moja unafanya kwangu."

Baada ya hapo Mjomba hakukaa chini jioni yote. Alimfuata Mama kila alipokwenda, akimweleza habari za mwanga na pembe ya kiti. Mama alikuwa anakata vitunguu na kusema "enhe" mahali panapotakiwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Jua. Siku nzima.

Jumanne, 8 Aprili

Jua. Blanketi zote za mtaa ziko kwenye kamba.

Jumatano, 9 Aprili

Jua kali. Chumba cha Mjomba kina bati, mchana hakikaliki.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikuwa natoka shule, nimefika kwenye geti, nikasikia mlio kama mtu amebamiza mlango. Kisha mwingine. Kisha mitatu pamoja.

Mama alikuwa uani, amejibanza ukutani, amefunika kichwa kwa mikono. Mjomba alikuwa mlangoni kwake, ametandaza mikono mtu asiingie, na ndani chupa zilikuwa zinapasuka. Sijui niliite nini. Si kama baruti. Ni kama mtu mwenye hasira anayepumzika halafu anakumbuka. Povu lilitambaa chini ya mlango hadi kwenye viatu vyetu. Harufu ilikuwa nzuri, hiyo ndiyo iliyoniuma.

Ziliponyamaza, Mjomba alijifunga blanketi mwilini, akavaa miwani ya kuchomelea ya jirani, akaingia na beseni. Alizifungua zilizobaki moja moja chini ya kitambaa kilicholowa. Katika zile ishirini na saba, zilipasuka kumi na nne. Kipande cha kioo kilikuwa kimechoma godoro lake, upande wa kichwa. Dari lote lilikuwa linadondosha bia.

Mama hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Alisema, "Kaka, ungekuwa umelala."

"Najua."

"Mtoto angekuwa amekaa pale anapokaa anakusomea."

"Najua, dada."

Alikaa kwenye ndoo, mikono imening'inia. Akasema polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimepitisha chupa mbovu kumi na nne. Kumi na nne katika ishirini na saba. Wale wa kamera waliniambia macho yangu yamechoka, nikawaona waongo."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mdomo niliufungua. Naapa niliufungua.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeazima kamusi kubwa ya maktaba ya shule, ile isiyotoka. Mtunza maktaba alinitazama, akaniacha nitoke nayo. Nimeusoma ukurasa wa 112 kuanzia saa tisa hadi giza, neno kwa neno, kwa penseli.

Haukuwa mgumu sana. Hilo ndilo baya.

Vioo vimo kwenye ndoo ya bati mlangoni kwa Mjomba. Amevifunika gunia. Hataki vitupwe, hataki kuvitazama.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuniita kusoma. Nilipita mlangoni kwake mara nne. Mara ya nne akasema, "Redio, vile vitabu virudishe kwa Profesa ukipata nafasi." Nikasema ndiyo. Ndiyo ni neno rahisi mno.

Saa ameigeuza tena.

Jumapili, 13 Aprili

Kwenye chakula Mjomba amesema kesho asubuhi anakwenda kwa Mama Juisi kumwambia atafute mtu mwingine.

"Mtu akikatwa mdomo kwa chupa niliyoipitisha mimi," akasema, "nitakwenda kumwangalia kwa macho gani?"

Mama akasema, "Fikiri kwanza, Kaka."

"Nimefikiri."

Mimi nilikuwa napanga maharage pembezoni mwa sahani. Nisiposema, atakwenda. Atakaa kwenye kile chumba na saa iliyogeuzwa, akiamini macho yake ni mabovu, hadi lini sijui, na ni mimi peke yangu duniani ninayejua kwamba si kweli. Nimeiandika sentensi hii ili niione. Nimeiona.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikwenda shule vipindi viwili vya kwanza.

Mjomba alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la mikono mirefu, anafunga kamba za viatu. Nilisimama mlangoni na kile kitabu cha kijivu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hicho si ulikuwa unakirudisha?"

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, nina hotuba nzima kichwani. Ikapotea yote. Ningempa kitabu asome mwenyewe ningefurahi, lakini hawezi kukisoma, ndiyo sababu ya haya yote. Basi nikafanya kile ninachoweza. Nikakaa kwenye kizingiti, mahali pangu, nikafungua ukurasa wa 112, nikaanza kumsomea.

"Kukoma kwa mapovu si ushahidi kwamba bia imemaliza," nikasoma. "Joto likishuka, hamira husinzia kabla haijala sukari yote. Mapovu hukoma, na mpishi mgeni hudhani kazi imekwisha. Njia ya hakika ni moja: tumia kipimo cha kioo kinachoelea. Sukari ikiwa nyingi, kinaelea juu, ikipungua, kinazama. Pima leo, pima kesho, pima keshokutwa. Namba ikiwa ile ile siku tatu mfululizo, bia imetulia. Kama haijatulia, usiitie kwenye chupa. Joto likirudi, hamira itaamka ndani ya chupa iliyofungwa, na hakuna chupa, hata iwe nzima namna gani, itakayostahimili."

Sauti ilitetemeka kwenye "nzima namna gani". Nikairudia ili isikike vizuri.

Mjomba alikuwa ameacha kufunga kamba. Kiatu kimoja kimefungwa, kimoja kiko wazi.

"Ukurasa huo," akasema, "ulikuwepo siku zote?"

"Ulikuwepo. Ndio ule niliosema wanarudia ya juzi. Hawakuwa wanarudia. Sikuuelewa, Mjomba. Nikaona aibu. Ulikuwa umemwambia Mama hakuna neno linalonishinda."

Cherehani upande wa pili wa ua ilinyamaza. Mpira wa maji ulikuwa unadondosha matone kwenye beseni. Nilitaka anifokee. Mtu akifokewa, anajua pa kusimama.

Badala yake aliinuka, na kiatu kimoja wazi, akaenda kwenye ile ndoo ya bati, akatoa gunia. Akachukua kipande cha kioo, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Akakizungusha kwa vidole viwili. Akachukua kingine, na kingine.

"Chupa yenye ufa," akasema, si kwangu, "inavunjikia kwenye ufa. Inaacha mstari, mkavu, umezeeka. Tazama hii. Imepasuka ubavuni, imeenea kama tawi. Hii imesukumwa kutoka ndani." Akatafuta hadi chini ya ndoo, akajikata kidogo, hakujali. "Zote. Zote zimesukumwa."

Akanigeukia. "Siku nne ndoo iko hapa. Ningezitazama ningejua. Unajua kwa nini sikuzitazama?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Niliogopa nitakachokiona."

Akarudi kukaa kwenye kigoda. Tukawa wawili, mimi na kitabu changu, yeye na kipande chake cha kioo.

"Redio. Nilikwambia nini kuhusu chupa yenye shaka?"

"Itoe."

"Mtu aliwahi kufokewa kwa kuitoa?"

"Hapana."

"Neno usilolijua ni hivyo hivyo. Litoe, liweke pembeni, tulitazame wote. Mimi nisingekucheka. Mimi vitabu vitatu vyote vimenishinda tangu jalada." Akavuta pua. "Ila ungeniua."

"Samahani, Mjomba."

"Najua. Umeisoma vizuri sana. Hata pale pa kutisha hukupunguza sauti."

Mama akatokea mlangoni, pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye ukosi, jambo ambalo lilichukua muda wa kutosha kwangu kutubu dhambi nyingine zote. "Wewe," akaniambia, "utasugua hilo dari mpaka liwe jeupe. Kaka, funga kiatu hicho uende ukamwambie huyo mwanamke utafika mapema."

Jumanne, 15 Aprili

Dari. Shingo.

Jumatatu, 21 Aprili

Mjomba ameanza kazi. Ameondoka na lile shuka jeupe.

Jumamosi, 3 Mei

Yule mwenzake mwenye duka amemletea kile kipimo cha kioo. Mjomba anakiita Mwogeleaji. Tumepika tena, sufuria ile ile, mfuko ule ule. Nimesoma nikasimama mara sita kusema "hapa sijui". Mara mbili tulipata jibu kwenye kamusi, mara moja kwenye ile video ya mikono. Mara tatu hatukupata, tukaacha.

Nimeanza pia kuandika daftari jingine. Natafsiri yale ya muhimu kutoka vitabu vyote vitatu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa za kumtosha Mjomba. Nisipokuwa na hakika na neno, nalizungushia duara la penseli.

Jumapili, 11 Mei

Mwogeleaji: namba ile ile tangu Ijumaa. Mvua imerudi lakini haituhusu tena. Kwa usalama Mjomba atasubiri hadi Jumatano.

Jumatano, 14 Mei

Chupa thelathini zimejazwa, zimefungwa, zimo ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, mbali na kitanda. Sharti la Mama.

Jumamosi, 24 Mei

Nilikwenda na Mjomba kwa Profesa. Kuna kijana, mpiga rangi, alikuwa amechuchumaa mbele ya turubai akiuliza kitabu cha kujifunza kutengeneza bia. Profesa akamwonyesha Mjomba kwa kidevu. "Mwulize huyu mzee, yeye ndiye mteja wangu wa elimu ya juu."

"Mimi ni wa chupa," Mjomba akasema. "Wa vitabu ni huyu."

Wote watatu wakanitazama. Kisha nikasema, na naandika hapa kama nilivyosema: "Anza na cha kijani, kitakutoa woga. Cha picha kiache, kizuri kwa macho tu. Cha kijivu utakihitaji, usikiruke hata ukurasa mmoja, hasa wa 112. Na ukiona video ya mtu asiyeongea, iamini."

"Unavyo?" kijana akauliza.

"Viko nyumbani. Havirudi."

Profesa alisema nimemharibia biashara.

Jioni tulifungua sanduku. Hakuna iliyopasuka. Mjomba aliinua chupa ya kwanza kwenye mwanga, akaizungusha, kizibo kikatoka kwa pumzi fupi tu, kama mtu aliyeketi baada ya kusimama sana. Alimimina, povu likapanda likatulia. Akaonja. Akampa Mama, ambaye alionja kwa ncha ya ulimi kama dawa, halafu akaonja tena kama si dawa. Mimi nilinusa kwa mbali.

"Ndiyo ile?" nikamwuliza Mjomba. "Ya nyuma ya mlango?"

"Sio ile. Ile ilikuwa ya kwao."

Kisha nikampa daftari. Jalada nimeandika Kitabu cha Nne. Alivaa miwani, akavuta kiti karibu na balbu, akaanza kusoma mwenyewe, kwa sauti, polepole, kidole kikipita chini ya mistari. Mama alizima cherehani ili amsikie. Alisoma kimea, alisoma maji, alisoma ukurasa wangu wa 112 wote bila kukwama. Kwenye ukurasa wa hopsi kidole kilifika kwenye duara langu la penseli, kikasimama.

Nikasubiri.

"Hapa," akamwambia Mama, "Redio ametoa chupa."

Akalamba kidole, akafungua ukurasa.